Makaa Yaliyokula Dawa ya Maji

Wenzangu vijana wa maabara, siku ile ya soda na keki ya kuniaga mliniomba niseme machache, nami nikasema mawili nikaketi, kwa kuwa keki ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Haya ndiyo niliyoyabakiza. Sitaandika nilipandishwa cheo mara ngapi wala nililipwa nini: hadithi ya kwanza ni fupi mno na ya pili inaumiza tumbo. Nitaandika juu ya kutunza stoo ya sayansi katika shule yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na juu ya mwanafunzi mmoja, Riziki, ambaye sayansi ilimpata kisha ikampoteza. Mimi na mwalimu wake tulijaribu kumrudisha. Nawaambia mapema kwamba hatukuweza, msije mkasoma huku mkisubiri vigelegele.

Mimi sikusoma sayansi. Kule kwetu Uvira, Kongo, niliuza chupa tupu, vikombe na sabuni, na nilipofika hapa nilitandika turubai langu katika soko la Base Camp nikaendelea na biashara ileile. Siku moja akaja Mrundi mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo na jua linawaka. Alikuwa Mwalimu Laurent. Aliinua kila chupa akaiangalia dhidi ya mwanga kama mtu anayechagua mayai. Nikajua huyu ni wa kukamuliwa.

"Mama, nataka zenye mdomo mpana, zote za unene mmoja."

"Za unene mmoja zina bei yake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umezitaka."

Alicheka, akalipa bila kubishana, akaondoka. Baada ya muda akarudi bila mfuko. "Mama Zawadi, shule inatafuta mtu wa stoo. Mimi nikienda mjini Mbarara kununua vifaa wananifanya vilevile ulivyonifanya. Bon, njoo ukamue watu kwa upande wetu." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika elimu.

Siku ya kwanza alinipa kibao cha mirija ya majaribio akaniambia nihesabu. Nilihesabu kutoka kushoto, kisha nikahesabu kutoka kulia, kwa maana mtu anayehesabu mara moja huyo anakisia tu. Nikamwambia kuna mmoja umepungua kwa hesabu iliyoandikwa mlangoni mwa kabati. Akabisha. Nikamwomba atoe mkono mfukoni mwa koti lake. Mrija ulikuwa humo, na penseli ndani yake. "Tumepata mtu," akasema, akaenda kufundisha.

Maabara ya wakati ule ilikuwa kabati moja na meza mbili, na meza moja ilikuwa ya kuazima. Kwa hiyo Mwalimu Laurent aliamua kwamba maabara itakuwa nyumbani kwa kila mtoto. Alisema jiko lina moto, lina maji, lina majivu, lina chumvi, sasa tunataka nini tena? Kila Ijumaa watoto waliondoka na jaribio moja la kufanya nyumbani, na Jumatatu walirudi kusema walichokiona. Aliyeleta alichoambiwa badala ya alichokiona alirudishwa akaangalie tena. Tuliita hiyo kazi sayansi ya jikoni. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: hakuna jaribio linalokula chakula. Ukitaka kujaribu unga, chukua kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili. Mwalimu aliyetoka mahali penye ghala lililojaa asingefikiria sheria hiyo. Hapa ilikuwa ya lazima, na akina mama walituheshimu kwa ajili yake.

Kazi yangu ilikuwa kupata vifaa. Mbarara nilikwenda mwanzo wa kila muhula na begi tupu. Shikeni haya, yatawafaa. Sumaku ziko kwa mafundi wa redio, ndani ya spika zilizokufa. Fundi akijua unataka sumaku, sumaku inapanda bei. Nunueni spika mbovu kwa ajili ya "watoto kuchezea", na sumaku itakuja ndani yake bila nauli. Balbu za tochi msizitoe dukani kabla ya kujaribu kila moja kwa waya na betri, hata muuzaji akinuna. Aiodini ifungeni ndani ya plastiki mbili, maana ikimwagika, begi litawakumbusha hadi mstaafu. Na puto zipulizeni moja moja.

"Nyabo, wewe unapuliza zote," kijana mmoja wa duka aliniambia, "nani atanunua hiyo yenye mate yako?"

"Mimi. Kwa bei ya yenye mate."

"Banange! Wewe si mtu ya kuuzia."

"Si ndiyo sababu wananituma, ssebo?"

Vingine havikununuliwa. Maua mekundu ya haibiskasi tuliyachuma kwenye ua wa kanisa letu, kwa ruhusa ya mchungaji, ambaye alidhani ni ya kupamba. Watoto waliyaponda katika maji: weka siki, yanawaka wekundu, weka maji ya majivu, yanageuka kijani. Mchungaji alipoonyeshwa aliuliza kama yanaweza kufanya hivyo Jumapili.

Riziki alikuja kwetu akiwa Senior ya pili, yaani kidato cha pili, amevaa viatu vya mama yake. Mama huyo, Mama Riziki, aliuza chai ya maziwa na maandazi karibu na soko, akiwalea Riziki na mdogo wake wa kiume, Amani, ambaye bado alikuwa wa kubebwa. Ijumaa moja jaribio lilikuwa la aiodini: tone moja juu ya muhogo, linageuka bluu nzito, kwa kuwa muhogo una wanga. Wenzake walijaribu muhogo. Riziki alijaribu muhogo, wali, sabuni, ukuta, na mwishowe maziwa ambayo mama yake alikuwa ametoka kununua. Maziwa yakageuka bluu.

Jumatatu muuza maziwa alikuwa mlangoni mwa shule na baiskeli yake na madebe yake, mtu mrefu wa Isingiro, amekasirika.

"Hii mtoto yenu inaharibu kazi yangu! Inaweka sumu, maziwa inakuwa bluu!"

"Maziwa matupu hayawi bluu, ssebo," Mwalimu Laurent akamjibu kwa upole. "Ni unga ndio unaogeuka."

"Unga gani? Ng'ombe yangu inakula majani!"

Riziki akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "Pengine ilichungiwa pale fasi ya mashini ya kusaga."

Watu wote waliokuwa pale walicheka, hata mlinzi. Mimi nikamwomba muuza maziwa anipe kikombe kutoka kila debe, tone moja kila kikombe, mbele ya kila mtu. Alikumbuka ghafla kwamba ana wateja Kabingo. Tangu siku hiyo akina mama walileta maziwa yao shuleni kabla ya kuyachemsha, na Riziki akawa na jina.

Sasa nifike kwenye maji. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na walioteka ziwani walirudi na maji ya rangi ya chai iliyokolea. Mwalimu Laurent akatoa jaribio la chujio: chupa iliyokatwa kitako, kitambaa mdomoni, juu yake makaa yaliyopondwa, mchanga uliooshwa, kokoto. Mimina maji machafu juu, angalia yanayotoka chini. Alisema, na akarudia, na akawafanya waandike: chujio linasafisha maji kwa macho tu, wadudu wanabaki, maji ya ziwa lazima yachemshwe baadaye. Nilikuwepo. Alisema kweli.

Wengine walitengeneza chujio la chupa. Riziki alitengeneza lake ndani ya jerikeni ya lita ishirini, lenye bomba dogo chini. Baada ya hapo mama yake akaniita nionje chai yake.

"Mama Zawadi, unasikia dawa?"

"Sisikii."

"Basi! Mbele bateja balikuwa banasema chai yangu inanuka hospitali. Sasa banasema, ongeza."

Mwajua dawa aliyoisema. Maji ya bomba hapa yanatiwa klorini, na watu wengi hawaipendi harufu yake. Mama Riziki hakuteka ziwani. Alichota bombani kama sisi wengi. Alikuwa akipitisha maji ya bomba, yaliyokwisha kuwa salama, ndani ya chujio lililotengenezwa kwa ajili ya maji ya tope. Harufu iliondoka, chai ikawa tamu. Majirani wakaja na jerikeni zao. Nami, ambaye sijawahi kupokea kitu bila kukigeuza upande wa pili, nilikunywa kikombe cha pili nikasifu. Mwalimu Laurent aliandikisha jina la Riziki kwa maonyesho ya sayansi ya shule pale Mbarara. Mtoto alianza kujifunza kusema "mheshimiwa jaji" mbele ya kioo chetu cha stoo, huku mimi nikijifanya jaji mwenye usingizi.

Wiki ya maonyesho Amani akaanza kuhara. Kisha watoto wawili wa jirani. Wateja wa chai hawakuugua hata mmoja, kwa kuwa chai inachemka. Ndiyo sababu hakuna aliyeshuku. Lakini watoto walikuwa wanachota kikombe moja kwa moja kwenye chujio siku nzima, na Amani alinyweshwa hayohayo. Amani alilazwa kliniki ya Base Camp akiwa na mpira wa maji mkononi, macho yameingia ndani.

Riziki alikuja stoo mchana akitoka kliniki, bila yunifomu. Alikuwa ameomba kwa mhudumu wa afya vile vidonge vidogo vya kupimia klorini: ukitia kimoja ndani ya maji yenye dawa, maji yanakuwa waridi. Aliniomba glasi mbili safi. Katika moja akatia maji ya bomba, katika nyingine maji ya chujio lake. Kidonge kimoja kila glasi. Ya kwanza ikawa waridi. Katika ya pili kidonge kiliyeyuka na maji yakabaki yalivyokuwa.

Akaosha glasi, akazibadilisha, ya bomba katika ile ya chujio, akafanya tena. Vilevile. Kisha akatandika mchanga peke yake katika faneli, na makaa peke yake katika faneli nyingine, akapitisha maji ya bomba kote kuwili. Ya mchanga yakageuka waridi. Ya makaa yakakataa.

"Ni makala," akasema. Ndivyo sisi wa Kivu tunavyoita makaa. "Makala inakula dawa, basi uchafu wa mikono na vikombe hauna wa kuuzuia. Ile harufu yenye tulikuwa tunaikimbia, ndiyo ilikuwa inatuchunga."

Mwalimu Laurent alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule kubadilisha glasi ili glasi isisingiziwe. Hakuna aliyemfundisha kutenganisha mchanga na makaa ili ajue mla dawa ni yupi. Katika miaka yangu yote ndani ya chumba kile sijaona jaribio lililofanywa vizuri kama lile, na lilifanywa na mtoto ili ajihukumu mwenyewe. Mwalimu alitaka kumwambia hivyo, akajizuia. Utamsifuje mtoto ambaye mdogo wake yuko kitandani? Riziki alikausha glasi, akazirudisha rafuni zikielekea upande mmoja kama nilivyopenda, akasema "aksanti, Mama," akaenda.

Amani alipona. Watoto wa jirani walipona. Maonyesho ya Mbarara yalifanyika na meza yetu ikawa na haibiskasi peke yake. Riziki alirudi darasani, lakini Ijumaa alipopewa jaribio aliliacha juu ya dawati. Muhula ulipokwisha hakurudi kabisa.

Tulimfuata nyumbani, mimi na Mwalimu. Jerikeni ilikuwa imepasuliwa, vipande viko kando ya ua, kuku wanachakura mchangani. Riziki alikuwa amempakata Amani.

"Riziki, hukukosea," Mwalimu akaanza. "Tulisema juu ya maji ya ziwa. Maji ya bomba hakuna aliyeyafikiria, hata mimi."

"Mwalimu, najua." Hakuinua macho. "Lakini kila asubuhi fasi ya bomba bananingojea. 'Docteur wa Makala, leo utatuponya na nini?' Na kama bangenyamaza, mimi mwenyewe ningejiuliza."

Mama yake akaweka sufuria chini. "Mwalimu, nakuheshimia sana. Lakini sayansi yenu ilitaka kunikulia mtoto. Huyu mwingine muniachie."

Mwalimu hakuwa mtu wa kubishana, kwa hiyo nikaingia mimi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa.

"Riziki, njoo uoshe glasi tu. Hakuna kujaribu."

"Hapana, Mama."

"Basi mara moja kwa wiki."

"Hapana."

"Basi uje ukae, uangalie wengine. Hutagusa hata kijiko."

Hapo aliniangalia, na karibu atabasamu. "Mama Zawadi, unapatana bei ya kitu chenye siuzishe."

Nimekataliwa na wauzaji wengi Mbarara, na mara nyingi nilijua kwamba nikipiga hatua tano nitaitwa nirudi. Siku ile nilipiga hatua hizo polepole kadiri nilivyoweza, Mwalimu kando yangu. Hatukuitwa.

Mwaka uliofuata Mwalimu Laurent aliongeza somo. Kila darasa lilifanya jaribio la glasi mbili na faneli mbili, na kila mtoto wa shule ile anajua hadi leo kwamba maji ya bomba hayapitishwi kwenye makaa. Wakaenda wakawaambia mama zao. Sijui ni watoto wangapi hawakuugua kwa sababu hiyo. Hicho ni kitu nisichoweza kuhesabu hata mara moja. Jaribio lilikuwa la Riziki, na Mwalimu hakutaja jina lake kwa sababu aliogopa kumrudishia kelele za bombani. Mara nyingi nimejiuliza kama jina lile lingetajwa vizuri, kwa sauti, mbele ya wanawake walewale, mambo yangekuwa mengine. Tulidhani tunamkinga.

Sayansi ya jikoni ilipungua. Wazazi waliogopa, walimu wapya hawakutaka lawama. Kisha tukapata maabara hii yenu, nzuri, yenye mabomba na gesi, na hakuna aliyekumbuka kuomba tena Ijumaa zile. Siwalaumu. Lakini nimeona watoto wakitoka hapa mwisho wa wiki mikono mitupu, na inanisikitisha kuliko ninavyoweza kueleza. Mwalimu Laurent alipata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali yenye baridi. Siku ya kuondoka, masanduku yakiwa yamekwisha pimwa, aliniambia, "Endelea kumwomba." Niliendelea. Kila nilipopita kwa Mama Riziki niliuliza, na kila mara nilipewa andazi na jibu lilelile, hadi Riziki alipoolewa akahama.

Muda mfupi baada ya keki yenu nilikwenda Kabingo kutafuta maharage. Jua likanishinda nikaingia hoteli ndogo ya chai. Mwenye hoteli alikuwa Riziki, mwanamke mzima, kitenge kimefungwa imara, mtoto wake amelala nyuma ya kaunta. Alifurahi hadi akamwamsha mtoto anisalimie. Akaniletea maji ya kunywa, yana mvuke.

"Haya ni ya moto, mwanangu."

"Ngoja yapoe. Humu hakuna yenye haichemke."

Tukazungumza. Amani anacheza mpira na anakula kama watu wawili. Mama yake magoti yanamsumbua. Nilikuwa nimezoea kumwuliza swali langu la siku zote, na kwa mara ya kwanza sikuuliza. Sikuwa tena na mahali pa kumwita. Nilikunywa maji, nikashika mfuko wangu wa maharage, nikafika mlangoni.

"Mama Zawadi."

"Ee?"

Alikuwa anasugua jerikeni, amenipa mgongo. "Maji yenye tumechemsha, yakilala mu bido hii siku mbili, siku tatu, yanabakiaka mazima? Ama uchafu unarudia?"

"Kwa nini unauliza?"

"Bure tu. Najiulizaka wakati naosha." Akasugua tena. "Mutu anaweza kujua namna gani?"

Miaka yote ile nilikuwa na jibu tayari: njoo kesho, tuone. Nilikuwa na glasi, vidonge, faneli, na mtu mwembamba wa kusimama mlangoni. Siku aliyouliza nilikuwa na maharage. Mwalimu yuko mahali ambako huku kukiwa mchana kule watu wamelala, na stoo si yangu. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu."

"Haina shida," akasema. Mteja akaita chai, akaenda.

Niliwaambia hatukumrudisha, na sibadilishi neno. Lakini swali liko pale Kabingo, ni zuri, na ninyi ndio wenye vifaa. Nendeni mchana, wateja wakiwa wachache. Msiseme nimewatuma. Kunyweni chai kwanza, lipeni anachotaja, msipatane bei. Kisha mwulizeni anafikiri jaribio lenyewe lifanyweje, mkae kimya mpaka aseme.